Mgeni wa Kifaransa katika Nyumba ya Kifini

Mwaka 1977 serikali ya Ufini iliichukua shule moja ya Kifaransa na kuifanya yake. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa Helsinki mwaka 1947 ikiwa ya binafsi. Tangu ilipochukuliwa hadi leo ni shule ya umma: mtoto wa darasa la kwanza halipiwi ada, chakula cha mchana ni bure, na anayefika mwisho wa sekondari hukalia mtihani uleule wa taifa anaoukalia mtoto wa mfugaji wa kulungu wa kaskazini kule Lapland. Jina lake ni Shule ya Kifaransa na Kifini ya Helsinki. Karibu shule zote za nchi hiyo ziko chini ya manispaa, lakini hii inamilikiwa na dola yenyewe, na msingi wake ni makubaliano kati ya Ufini na Ufaransa.

Ukiitazama ramani, jambo hili linashangaza. Ufini haipakani na Ufaransa, haikuwahi kutawaliwa na Ufaransa, na mwaka ule wa 1977 ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Tena Wafini wana lugha ya upweke. Kiswidi na Kirusi, lugha za majirani wakubwa, ni za ukoo mwingine kabisa. Ndugu wa karibu wa Kifini ni Kiestonia, na Kihangaria ni binamu wa mbali ambaye hata kwenye msiba hatambuliki. Taifa dogo lenye lugha ya namna hiyo ungelitarajia lijifungie ndani na kuilinda. Lakini hili lilimfungulia mlango mgeni wa Kifaransa, likamlipia hadi kodi ya pango. Sababu haimo katika Kifaransa. Imo katika njia ndefu ambayo Kifini chenyewe kilipita kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani.

Kwa karne nyingi Kifini kilikuwa lugha ya kulima, kusali na kugombana na jirani. Nchi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi hadi 1809, na aliyetaka ukarani, ukasisi au uhakimu ilimbidi ajue Kiswidi, na kabla ya hapo Kilatini. Chuo kikuu cha kwanza, kilichofunguliwa Turku mwaka 1640, kilifundisha kwa Kilatini. Kifini kiliandikwa kwa sababu ya dini. Mikael Agricola, aliyesoma Wittenberg wakati Luther bado yu hai na baadaye akawa askofu wa Turku, alichapisha kitabu cha alfabeti mwaka 1543 na Agano Jipya mwaka 1548. Sheria ya kanisa ya 1686 ikaongeza mkazo: asiyejua katekisimu yake hawezi kupokea sakramenti wala kufunga ndoa. Kijana aliyekuwa na mchumba na ng'ombe wa kutosha bado alihitaji herufi.

Kwa hiyo Wafini walijua kusoma kabla hawajawa na shule. Aliyewafundisha alikuwa karani wa parokia, na haikuwa starehe. Aleksis Kivi, aliyeandika riwaya ya kwanza kubwa ya Kifini mwaka 1870, aliwaonyesha ndugu saba, mabarobaro wa kijijini, wakivunja dirisha la karani na kukimbilia msituni kwa kuchoshwa na alfabeti. Kila Mfini anaikumbuka sura hiyo. Taifa linalosifiwa duniani kwa shule zake linajitambua katika kisa cha watoro.

Urusi ilipoinyakua Ufini mwaka 1809, ikaifanya utemi mkuu wenye sheria zake, na mizani ya lugha ikaanza kugeuka. Tsar hakukipenda Kifini hasa. Alipenda kuona raia wake wapya wanaisahau Stockholm. Katika nafasi hiyo wakaingia wasomi waliotaka taifa. Elias Lönnrot, daktari wa wilaya ya Kajaani, alitembea vijijini akikusanya tungo za mdomo na kuziunganisha katika Kalevala, toleo la kwanza likatoka 1835. Johan Vilhelm Snellman, mwanafalsafa aliyezaliwa Stockholm na ambaye lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiswidi, alihubiri kwamba wasomi lazima wahamie kwenye lugha ya wananchi. Alihubiri hayo kwa Kiswidi, maana waliopaswa kuhubiriwa hawakujua nyingine. Familia nzima za wenye vyeo ziliapa kusema Kifini mezani, na inafaa kuwaza ukimya uliokuwako kwenye meza hizo majuma ya mwanzo.

Mwaka 1858 shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kifini ilifunguliwa katika mji mdogo wa Jyväskylä. Jina la mji huo litarudi. Miaka 5 baadaye mambo mawili yalitokea pamoja. Tsar Alexander II alitia saini amri iliyokipa Kifini miaka 20 ya kufikia usawa na Kiswidi katika ofisi na mahakama, na hapohapo Jyväskylä kikafunguliwa chuo cha walimu chini ya Uno Cygnaeus, kasisi aliyezunguka Ulaya kutazama shule za watu wa kawaida. Amri ya shule za wananchi ikafuata 1866. Kwa maneno mengine, Mfini mwenye miaka 70 mwaka 1910 alikuwa amezaliwa katika nchi isiyo na hata sekondari moja ya lugha yake. Kumbukumbu hiyo haikuwa mbali. Mwaka 1906, Snellman alipotimiza karne tangu kuzaliwa, makumi ya maelfu ya watu walibadili majina yao ya ukoo kutoka Kiswidi kwenda Kifini.

Na Kifaransa kilikuwa wapi wakati wote huo? Kilikuwa sebuleni. Kilikuwa lugha ya mabinti wa makabaila na yaya wao wa kigeni, lugha ya maofisa waliotumikia jeshi la Urusi, kwa kuwa wakubwa wa St. Petersburg nao walikuwa wakizungumza Kifaransa. Hakikuwa na kazi nchini zaidi ya hiyo. Kilipata kazi nyingine mwaka 1899, Tsar Nicholas II alipoanza kuzibana haki za Ufini. Wasomi na waandishi wa Ulaya zaidi ya 1,000, Émile Zola miongoni mwao, walitia saini maombi ya kuitetea nchi hiyo. Ujumbe wao, ukiongozwa na seneta Mfaransa Ludovic Trarieux, ulifunga safari hadi St. Petersburg, na Tsar akakataa kuuona. Mwaka uliofuata Ufini ilijenga banda lake kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, likachorwa na wasanifu vijana akiwemo Eliel Saarinen, na ndani yake Akseli Gallen-Kallela akapaka dari kwa picha za Kalevala. Nchi isiyo na bendera yake ilisimama Paris ikasema: nasi tupo. Tangu hapo, kwa Wafini wengi wenye elimu, Kifaransa kikawa lugha ya kusikiwa nje pasipo kupitia kwa mkubwa yeyote wa jirani.

Urafiki huo haukukosa vituko. Ufaransa iliutambua uhuru wa Ufini Januari 1918. Vuli ya mwaka huohuo Bunge la Ufini likamchagua mwanamfalme mmoja wa Kijerumani awe mfalme wao, katikati ya vita vya Ufaransa na Ujerumani. Paris ikakata uhusiano. Ujerumani iliposhindwa, mfalme yule akajiuzulu hata kabla hajakanyaga Helsinki, na mwaka 1919 Ufaransa ikaitambua Ufini upya.

Mwaka huohuo wa 1919 katiba ilitamka kwamba lugha za taifa ni mbili, Kifini na Kiswidi, na elimu ya lazima ikaja 1921. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kilipo kiini ambacho mgeni hukipita bila kukiona. Ufini ni nchi ya lugha mbili, lakini shule zake hazikuwa za lugha mbili. Zilikuwa za Kifini au za Kiswidi. Mtoto wa Kiswidi anaweza kuanza chekechea na kumaliza chuo kikuu kwa Kiswidi, katika jengo lake, na walimu wake. Wenzake wa Kifini wako upande wa pili wa barabara, wanajifunza Kiswidi kama somo, wengi kwa kinyongo, na wamelibatiza jina lisilo zuri: Kiswidi cha lazima. Kila lilipotajwa wazo la kuwaweka watoto wa lugha hizo mbili katika darasa moja, Waswidi wa Ufini, ambao leo ni kama asilimia 5 ya wananchi, waliingiwa na wasiwasi. Hoja yao ni nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyeona lugha ndogo ikiishi pua kwa pua na kubwa: wakichanganyika uwanjani, mpira utachezwa kwa Kifini, na baada ya vizazi viwili hata ugomvi utakuwa kwa Kifini.

Kifaransa hakikuwa na hatari hiyo. Hakikugombania ofisi, mashamba wala kura. Hakuna Mfini aliyewahi kunyimwa haki mahakamani kwa kutojua Kifaransa. Ndiyo maana kiliweza kukaa dawati moja na Kifini kwa amani ambayo Kiswidi, lugha ya katiba, hakikuipata. Mgeni wa mbali hupewa kitanda; jirani mwenye kesi ya mpaka unazungumza naye akiwa upande wake wa ua.

Turudi 1947. Mwezi Februari mwaka ule Ufini ilitia saini mkataba wa amani, na ulitiwa saini Paris. Ilikuwa imepigana na Wasovieti mara mbili, mara ya pili ikiwa upande wa Ujerumani, na sasa ililipa fidia kwa meli na mashine huku Moscow ikiitazama kwa jicho kali. Kijerumani, kilichokuwa lugha kuu ya kigeni mashuleni kabla ya vita, kilikuwa kimechafuka jina. Wazazi wa Helsinki walitazama huku na huku. Mwaka 1945 masista wa Kikatoliki walikuwa wameanzisha shule ya Kiingereza, 1947 ikaja ya Kifaransa, na 1955 ikafuata ya Kirusi. Ya Kijerumani ilikuwa imeanzishwa mjini mwaka 1881. Orodha hiyo ni kama dira: kila shule ni upande mmoja ambao mji mdogo wa kaskazini uliona unaweza kuhitaji marafiki.

Zote hizo zilikuwa sehemu ya mfumo uliowagawa watoto mapema. Baada ya miaka 4 ya shule ya wananchi, mtoto wa umri wa kama miaka 11 alifika njia panda. Wazazi waliojiweza au waliothubutu walimpeleka sekondari ya kitaaluma, nyingi zikiwa za binafsi na zenye ada. Wengine walibaki, wakamaliza, wakaenda kazini. Mwaka 1963 Bunge lilikubali kimsingi kuivunja njia panda hiyo na kuwa na shule moja ya miaka 9 kwa wote. Ubishi ulikuwa mkali. Wapo waliosema watoto wa vijijini hawataweza lugha mbili za ziada, na wapo waliosema kwamba mtoto wa mkulima akinyimwa lugha hizo, basi njia panda imerudishwa kwa mlango wa nyuma. Waliosema hilo la pili walishinda. Sheria ilipita 1968, na mageuzi yakaanza 1972 huko Lapland, kaskazini kabisa, yakashuka kusini mwaka hadi mwaka. Helsinki, yenye shule nyingi za binafsi na wazazi wengi wenye sauti, iliachwa mwisho. Zamu yake ilikuwa 1977.

Hiyo ndiyo siri ya tarehe niliyoanza nayo. Mafuriko ya shule moja kwa wote yalifika mjini, na shule za binafsi zikaingizwa katika mfumo huo mpya. Shule ya Kifaransa na ile ya Kirusi hazikutoshea vizuri katika kapu la manispaa, kwani nyuma yao kulikuwa na mataifa makubwa na diplomasia, basi dola ikazichukua mwaka mmoja, mkono huu Paris na mkono huu Moscow. Kwa nchi iliyoishi kwa kupima uzito wa mashariki na magharibi kila asubuhi, sidhani kama mizani hiyo ilimpita mtu.

Matokeo yake ni kitu adimu. Pengi duniani shule ya Kifaransa ni kisiwa: mtaala wa Paris, ada nzito, watoto wa wanadiplomasia na wa matajiri wa mjini. Ile ya Helsinki ilishonwa ndani ya nguo ya taifa. Mtaala ni wa Kifini, ukiongezewa Kifaransa kwa wingi, na baadhi ya masomo yakifundishwa kwa lugha hiyo. Mtoto anajifunza pia Kiswidi, maana sheria haimsamehi, na Kiingereza, maana dunia haimsamehi. Mwishoni anaukalia mtihani wa taifa wa kuhitimu, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1852, na akifaulu anavaa kofia nyeupe sawa na wenzake wote.

Ndani ya darasa lenyewe kuna mambo ambayo msemaji wa Kiswahili atayaelewa haraka kuliko Mwingereza. Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua herufi, kusoma kunakuja kama kwetu, silabi kwa silabi. Kisha anakutana na Kifaransa, ambamo nusu ya herufi zimekuja kutazama tu. Kifini hakina jinsia: neno moja, hän, linatosha kwa mwanamume na mwanamke, kama yeye yetu. Kifaransa kinamtaka mtoto aamue kama meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Kwa upande wake, mtoto wa nyumba ya Kifaransa anagundua kwamba Kifini kina hali 15 za nomino, kwamba "nyumbani", "kutoka nyumbani" na "hadi nyumbani" ni miisho tu inayobandikwa nyuma ya neno. Sisi tunabandika zaidi mbele, wao wanabandika nyuma, lakini mchezo ni uleule wa vipande. Haikunishangaza kujua kwamba mmoja wa watu waliokifanyia kazi kubwa Kiswahili katika kompyuta, Arvi Hurskainen, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Programu yake ya SALAMA huchambua vitenzi vyetu kiungo kwa kiungo.

Kwa muda mrefu shule hiyo ilikuwa jambo la pembeni. Sheria ilitaka masomo yafundishwe kwa Kifini au Kiswidi, na mengine yote yalihitaji ruhusa ya pekee. Mambo yalilegezwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ilitoka Kanada. Mwaka 1965, huko St. Lambert karibu na Montréal, wazazi wanaosema Kiingereza waliishawishi shule ya umma iwafundishe watoto wao kwa Kifaransa tangu chekechea, na mwanasaikolojia Wallace Lambert wa McGill akawafuatilia watoto hao. Kiingereza chao hakikufa, na Kifaransa walikipata. Mwaka 1987 mji wa Vaasa, pwani ya magharibi ya Ufini, uliiga mbinu hiyo ili kuwazamisha watoto wa Kifini katika Kiswidi. Ajabu ya mambo: Kifaransa cha Kanada kilihitajika ili Wafini waweze kujifunza Kiswidi cha jirani bila manung'uniko.

Hatua ya pili ilikuwa mabadiliko ya sheria ya 1991, yaliyoziruhusu shule kufundisha sehemu ya masomo kwa lugha ya kigeni. Miaka 3 baadaye David Marsh, aliyekuwa akifanya kazi Jyväskylä, alibuni istilahi ya kufundisha somo na lugha kwa pamoja, ambayo leo imeenea Ulaya nzima. Ni Jyväskylä ileile ya 1858. Mji uliopigania mtoto afundishwe kwa lugha yake ndio uliokuja kuipa dunia jina la kumfundisha kwa lugha ya mwingine, na sioni mgongano. Kati ya tukio moja na jingine kuna miaka zaidi ya 130 ambamo Kifini kilipata chuo kikuu, sheria, magazeti, riwaya na walimu. Hapo lugha ya kigeni haikuja kuchukua kiti kilichokuwa tupu. Msomaji wa Dar es Salaam, aliyezoea ubishi wetu wa lugha ya kufundishia, aitazame tofauti hiyo kabla ya kusema "mbona hata Wafini".

Ila ukarimu huo wa kumpokea mgeni ulikuwa na macho yake. Kaskazini kabisa wanaishi Wasami, wenyeji wa kale kuliko dola yoyote ya huko. Baada ya vita, watoto wao wengi walipelekwa mabwenini mbali na wazazi, wakafundishwa kwa Kifini, na wengi wakarudi nyumbani bila lugha ya bibi. Waliofanya hivyo walikuwa wajukuu wa watu walioapa mezani kwa jina la Snellman. Sheria ya lugha ya Kisami ilianza kutumika 1992, miaka 15 baada ya Kifaransa kupata shule yake ya dola, ingawa Wasami hawakuhitaji balozi ili wawe raia.

Siku hizi Helsinki ina madarasa ya umma ya lugha mbili ya kila namna: Kifini na Kiingereza, Kichina, Kihispania, Kiestonia, Kirusi, hata Kisami cha Kaskazini. Kiingereza kimekuwa mfalme wa lugha za kigeni nchini kote na wanaochagua Kifaransa kama lugha ya kwanza ya kigeni ni wachache, kwa hiyo shule ile ya 1947 imekuwa kidogo kama mlinzi wa ghala la lugha hiyo. Kuingia katika madarasa ya aina hii mara nyingi ni kwa jaribio la lugha. Ada hakuna, lakini mzazi lazima ajue kwamba jaribio lipo, lini, na kwamba mtoto wake anaweza kulifanya.

Tangu mwanzoni mwa karne hii Ufini imewapokea pia wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, na wengi wao wanasema Kiswahili nyumbani. Waliosoma wamesoma kwa Kifaransa. Chukua mtoto wa familia kama hiyo, akipewa makazi katika mji wa ukubwa wa kati kama ilivyo kawaida kwa wakimbizi, si Helsinki. Kifini atafundishwa, na kwa uangalifu, katika darasa la maandalizi. Kifaransa alichokuja nacho kitamsaidia endapo shule ya karibu ina walimu wa somo hilo. Kiswahili chake kina nafasi pia, katika kipindi cha lugha ya nyumbani: kwa kawaida saa 2 kwa wiki, mara nyingi baada ya wengine kwenda zao, katika darasa la kuazima. Ruzuku ya serikali inataka kundi lianze na watoto wasiopungua 4. Wakiwa 3, mama huanza kupiga simu kwa mama wengine wa mjini, akiulizia kama wana mtoto wa umri wa shule.